Mume Wangu Alipona Kwenye Matangazo

Mume wangu alipona Jumapili, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwenye matangazo ya kanisani.

Mimi mke wake sikuwa na habari.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimechelewa ibada, jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, maana nilikuwa nimetoka kumgeuza kitandani huyohuyo aliyepona. Mzee wa kanisa, yule seremala mstaafu mwenye sauti ya kukwaruza, akakohoa kwenye kipaza sauti, akasoma:

"Familia ya Mama Daftari inamshukuru Mungu. Fundi wetu wa friji anaendelea vizuri sana. Kama tulivyotangaza Jumapili mbili zilizopita, familia bado inaomba isitembelewe kwa sasa."

Usharika mzima ukaitikia, "Amina."

Amina ya nini, jamani?

Ngoja niwaeleze vizuri, maana najua mtaanza kunihukumu kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma.

Mama Daftari ndiye mimi. Usharika wetu ni wa Kilutheri, na kama mnavyojua tumegawanywa kwenye jumuiya ndogondogo za majirani. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Mtu akiumwa, mimi. Mtu akifiwa, mimi. Nilikuwa na daftari gumu lenye mistari niliyopiga kwa rula: tarehe, nani anaumwa, nani ana zamu ya kupika, nani ana zamu ya kufua. Zamu yako ikifika na hujatokea, nilikuwa nakupigia simu mpaka uone aibu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu wakachagua katibu mpya. Dada mmoja anayefanya kazi famasi, mdogo wa umri, mpole, anaongea kama anakuhesabia vidonge. Tunamwita Dada Famasi. Nikampongeza. Nikamkabidhi daftari jipya, mistari nimeshampigia. Sikuumia.

Sawa, niliumia kidogo.

Halafu wiki tatu kabla ya Jumapili ile mume wangu, katika kushusha friji la watu kutoka ghorofa ya pili, akateleza. Friji likamfuata. Nyonga ikavunjika, na mguu wa kulia mara mbili. Akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na masharti: asikanyage chini wiki nane. Ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kujisaidia ni hapohapo kitandani, kwa beseni.

Mume wangu anaimba besi kwaya kuu. Ana mwili wa besi. Mimi nina kilo hamsini na nne.

Binti yetu yuko mbali masomoni. Nyumbani tuko wawili.

Nikasema, haina shida, jumuiya ipo. Miaka kumi na moja nimewabeba watu, na mimi nitabebwa.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tano nikaanza kusimama dirishani.

Hakuna mtu.

Kwenye grupu la simu ndiyo walijaa. Mtu wa kwanza aliweka mikono ya kuomba, wa pili akaweka, ikawa mashindano. Nilihesabu: mikono ya kuomba arobaini na moja. Na hakukuwa na hata miwili ya kunishikia bega la mgonjwa nitoe shuka.

Wengine waliniandikia, "Tunashukuru kwa uponyaji." Nikadhani wanakiri kwa imani.

Mtauliza, kwa nini hukuomba msaada? Mwenzenu nilikuwa nasubiri daftari lifanye kazi yake. Mimi ndiye niliyelianzisha. Nianze tena kupiga magoti ili niwekwe kwenye zamu niliyoitunga mwenyewe?

Kazini nako moto ulikuwa unawaka. Nafanya kazi chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwenye mashine ya kunyoosha shuka. Msimamizi wangu si mtu mbaya. Alinipa wiki mbili za likizo yangu, akaniongezea moja ya huruma. Ijumaa akanipigia.

"Mama, Jumatatu saa moja asubuhi nikuone kwenye mashine."

"Na mgonjwa wangu?"

"Nimekusikia. Lakini usipokuja nitaweka mtu mwingine, na huyo sitamtoa."

Fundi hana kipato mpaka asimame. Mshahara wangu ukikatika, tumekwisha. Ndiyo maana Jumapili ile nilimwachia simu kifuani, nikamfungia mlango, nikakimbia kanisani kuomba watu kwa mdomo wangu.

Nikakuta ameshapona.

Mahubiri sikuyasikia. Nilikaa benchi la nyuma mpaka baraka, na ibada ilipokwisha nikamvizia Dada Famasi pale nje watu wanaposalimiana.

"Bwana asifiwe, mama," akasema.

Sikuitikia. Mlutheri mzima, sikuitikia.

"Nani alikutuma uandike kwamba mume wangu amepona?"

"Mama, mimi..."

"Ulikitaka kiti, umekipata. Sasa ndiyo unanikomoa? Nimekaa wiki tatu nainua mtu wa kilo tisini peke yangu, wewe unawatangazia watu wasije?"

Watu wakaanza kujifanya wanatafuta viatu vya watoto. Nilimchana pale mbele ya kwaya nzima. Nilisema kazi ya kuhudumia wagonjwa haifanywi na watu waliozoea kukaa nyuma ya kioo. Nilisema mengine ambayo siyaandiki hapa, mchungaji wetu yumo humu mtandaoni.

Dada Famasi akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Akafungua faili lake, akatoa kitu, akanipa.

"Mimi niliandika kilicholetwa, mama."

Kilikuwa kipande cha boksi, kahawia, kimetobolewa tundu kwenye kona. Herufi zote kubwa, zimesimama wima.

NINAENDELEA VIZURI SANA. TUNAMSHUKURU MUNGU. FAMILIA INAOMBA ISITEMBELEWE KWA SASA.

Nikakisoma mara mbili.

Kipande cha namna ile nakijua. Kipo kwenye kila friji linaloingia nyumbani kwetu, kimefungwa kwa uzi mlangoni: GESI IMEKWISHA. MLANGO HAUFUNGI. MWENYEWE ANAKUJA ALHAMISI. Na mtu anayeandika kwa herufi zile duniani ni mmoja.

"Nani alileta?"

 Macho ya Dada Famasi yalikwenda pembeni, na pembeni alikuwa amesimama Mama Mapacha, jirani yetu wa ukuta mmoja. Alikuwa anafuta miwani yake minene kwa pindo la kitenge, anaifuta kama vile imemwagikiwa uji.

"Aliniita dirishani ukiwa dukani," akasema. "Akasema mmekubaliana."

Sijui nilifikaje nyumbani.

Nilimkuta kama nilivyomwacha, simu kifuani, anatazama dari. Nikamwekea kile kipande tumboni.

"Hii nini?"

"Kadi."

"Naiona ni kadi. Umeandika wewe?"

"Si umeshajua, mama watoto."

"Niambie kwa mdomo wako."

"Nimeandika mimi."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kwa sababu nilihisi nikimtazama nitamwambia jambo ambalo haliwezi kurudi mdomoni.

"Mgongo wangu umekwisha," nikasema. "Kesho nisipokwenda kazini nafasi yangu inaondoka. Nimewachukia watu wa Mungu wiki tatu. Asubuhi hii nimemtukana mtoto wa watu. Na kumbe ni wewe uliyewafukuza?"

"Sikuwafukuza. Niliwaomba wasije."

"Kwa nini?"



"Lete daftari la zamani," akasema. "Lile la mwaka wa upasuaji wa jirani."

Madaftari yangu yaliyojaa yako kabatini, matatu, yamefunikwa plastiki. Nikalileta, nikiwa bado nimekunja sura.

"Soma safu ya mwisho."

Hapa ndipo sikutaka kufika. Ningekuwa na akili ningeishia kwenye ile kadi, niwaambie mume wangu alikuwa na kiburi, mnipe pole, tulale.

Daftari langu lilikuwa na safu ya tano. Juu yake niliandika MAONI. Nia yangu ilikuwa njema, naapa. Nilitaka anayefuata kwenda ajue abebe nini, sabuni au ndoo au maneno ya faraja. Na daftari lilikuwa linazunguka. Kila wiki linalala kwenye nyumba itakayopokea jumuiya, kwa hiyo kila mtu alilisoma.

Nikasoma kwa sauti.

"Shuka hazijabadilishwa siku tatu."

"Endelea."

"Mgonjwa anakula vizuri kuliko anavyosema."

"Endelea."

"Mke yuko kwenye simu muda wote." Nikafungua ukurasa mwingine. "Mume analia mbele ya wageni. Aambiwe ajikaze."

Halafu nikafika kwa Mama Mapacha, mwaka aliojifungua kwa upasuaji. Mwandiko wangu mzuri, wa kalamu ya bluu: *Nyumba inanuka mikojo. Usafi hafifu.*

Nikafunga daftari.

"Siku ya nne nililowesha kitanda," mume wangu akasema, akiendelea kutazama dari. "Ulikuwa umekwenda kuninunulia dawa. Nikalala palepale kwenye maji, saa nzima. Na unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naandika maoni. Kichwani. Kwa maneno yako. *Mgonjwa ni mtu mzima lakini hawezi kujizuia.* Nikasema, wenzangu wa besi wakija hapa leo, nitakuwa ukurasa wa nani?"

"Lakini mimi ningeandika nini juu yako? Wewe ni mume wangu."

"Na yule aliyelia mbele ya wageni alikuwa mume wa mtu."

Nilikasirika zaidi, sitawadanganya. Mtu akikuonyesha kosa lako ukiwa umechoka, hutubu papo hapo, unamchukia kwanza. Nilimwambia ameniponza. Nilimwambia angesema mapema. Akaniambia alisema, miaka ile, mezani, zaidi ya mara moja: *mke wangu, hayo ya nyumba za watu yaache hukohuko.* Na ni kweli alisema. Mimi nilikuwa namjibu, "Kula, chakula kinapoa."

Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Halafu nikarudi kabatini. Kitu kilikuwa kinanisumbua. Nikafungua daftari la kwanza nikahesabu: mwaka ule tulitembelea wagonjwa thelathini na wanne. Nikafungua la mwisho. Mwaka jana, sita.

Na mimi huyuhuyu, kwenye mkutano wa mwaka, nilisimama nikasema, "Jumuiya yetu Mungu ametupa afya." Watu wakapiga makofi. Nikafurahi, nikakaa.

Sasa nilianza kuwaza nyuso za waliokuwa wanapiga makofi.

Jumuiya inakutana Jumapili saa kumi jioni, na siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya Mama Mapacha. Nikamgeuza mume wangu, nikamsafisha, nikamwambia, "Nakwenda kuwaomba. Ukinikataza pia nakwenda."

"Nenda," akasema. "Waje. Ila hilo daftari lisije."

Walikuwa kumi na wawili. Walikuwa wameshaimba, wameshasoma Neno. Nilipoingia wakasogea kunipa nafasi, kwa ule upole wa watu wanaojua mtu amefanya fujo asubuhi. Sikukaa.

"Mume wangu hajapona," nikasema. "Ile kadi ameandika mwenyewe, kwa sababu anaogopa kuandikwa. Na aliyemtia hofu ni mimi. Mnaijua ile safu ya mwisho. Kesho natakiwa kazini, na sina wa kumwachia."

Nilikuwa nimetarajia angalau mmoja aseme, "Aa, mama, usiseme hivyo." Hakuna.

"Dada Famasi, nilikutukana mbele za watu. Nisamehe mbele za watu."

"Nimesikia, mama," akasema.

Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia. Halafu, taratibu, kama anahesabu vidonge: "Mimi nauza dawa, mama. Namwona anayeumwa na anayeuguza. Siwezi kutaja majina. Lakini tangu nichukue daftari, wanaokuja dirishani kwangu hawamo daftarini. Nilidhani mimi ndiye sifai. Nilikuwa nalia kwa ajili hiyo."

Chumba kikawa kizito. Seremala mstaafu akawa anatazama kofia yake. Sasa nilijua wale wagonjwa wetu walikwenda wapi. Walibaki nyumbani, wamefunga mapazia, wanajiuguza wenyewe, ili Mama Daftari asije na rula yake.

Ndipo Mama Mapacha akaongea. Mapacha wake, wakubwa sasa, walikuwa wanacheza uani, tunawasikia.

"Uliandika nyumba yangu inanuka," akasema.

"Niliandika."

"Na ilikuwa inanuka. Nilikuwa na mshono, siwezi kuinama. Uliona. Ukaandika, ukaondoka."

Jamani. Nilitamani angenitukana kama nilivyotukana mimi asubuhi. Ningejua pa kushika. Nilisimama pale na mikono yangu, na ni kweli, siku ile nilikwenda, nikakaa robo saa, nikaomba sala nzuri, nikaandika. Ndoo ilikuwa pale pembeni ya mlango. Naikumbuka mpaka rangi.

"Nisamehe," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kesho unaingia kazini saa ngapi?"

Jumatatu niliamka mapema kuliko jogoo wa jirani yeyote. Nilitaka nisafishe nyumba kabla hajafika. Nilitaka akute inang'aa. Nikamgeuza mgonjwa, shuka ikawa imechafuka, nikaibadilisha, nikaiweka kwenye ndoo pamoja na ya jana yake, nikaanza kupiga deki, mgonjwa akaniita tena, beseni likamwagika... Mnaelewa. Saa kumi na mbili mlango ukagongwa, mimi niko kwenye sare ya kazi, kiatu kimoja mguuni, na nyumba nzima inanuka vilevile kama nilivyoandika.

Mimi, mtu wa shuka za hospitali. Mimi ninayejua shuka ya siku ngapi kwa kuigusa tu.

Nikafungua mlango kidogo, nikausimamia kama askari.

"Mama Mapacha, naomba univumilie, sijapata nafasi ya kusafisha, humu ndani hali si..."

"Nipishe nipite, utachelewa."

"Ni kwamba kuna ndoo, na harufu kidogo, nilikuwa nataka kwanza..."

Akanitazama. Kisha akavua ile miwani yake minene, taratibu, akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaifunga zipu.

"Bila hii sioni hata mkono wangu," akasema. "Niambie tu ndoo iko upande gani."

Akaingia huku anapapasa ukuta.

Kutoka chumbani nikamsikia mume wangu, ambaye hajacheka wiki tatu, anacheka kwa besi mpaka anaomba asichekeshwe kwa sababu nyonga inauma. Saa mbili wakaja wenzake wawili wa kwaya, wakamwogesha, wakamnyoa ndevu. Sikuwepo, sijui walikuta nini, na hakuna aliyeniambia. Saa moja kamili mimi nilikuwa kwenye mashine yangu, nanyoosha shuka za watu nisiowajua, machozi yananidondoka juu yake, msimamizi akajifanya anakagua swichi.

Kazi bado ninayo. Mgonjwa ana wiki nne zaidi. Na Dada Famasi bado ananisalimia kwa "nimesikia" yake ile, hatujakaa sawa, na sitamharakisha.

Daftari jipya sasa lina safu nne, ile ya maoni imefutwa. Juzi alisoma majina ya wanaoumwa kwenye jumuiya. Yalikuwa tisa. Nilidhani watu wangesikitika, lakini niliona mabega ya watu yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Nawaambia ninyi mnaopenda kwenda kuona wagonjwa, mkiwa na biblia safi na macho makali kama yangu: ukiikuta ndoo, fua. Kama huwezi kufua, kaa kimya. Na ukitoka pale, ulichokiona kiwe cha mwenye nyumba.

Miwani ya Mama Mapacha siku hizi ina mahali pake, juu ya friji bovu pale mlangoni. Anaiacha hapo akiingia, na anaichukua akitoka.